Safari ya AFCON 2027: Mashauri kwa Waamini Watakaovuka Mpaka

Tarehe 27 Septemba 2023, Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Ni mara ya kwanza mashindano hayo kukabidhiwa nchi tatu kwa pamoja, na ukanda wetu haukuwa umepewa nafasi hiyo tangu Ethiopia ilipoyaandaa mwaka 1976. Kwa waamini wa Kifaru, walio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, habari hii si ya mbali. Njia panda ya Himo iko jirani, na kutoka Himo kwenda mpakani Holili ni mwendo mfupi. Walioitamani Misri mwaka 2019 au Ivory Coast katika fainali za baadaye walihitaji ndege. Safari hii, kijana wa Upare anaweza kufika uwanjani katika nchi nyingine kwa basi.

Wepesi huo ndio unaotufanya tuandike. Safari ya ndege hujulikana kuwa ni safari, na mtu huiandaa. Safari ya basi huchukuliwa kuwa matembezi, na mtu huondoka akiwa na jezi na simu tu. Humo ndimo huzaliwa madeni, kukamatwa mpakani, na simu za usiku kwa wazazi wasiojua pa kuanzia.

Mchezo ni mwema, maandalizi ni wajibu

Tuanze kwa kuondoa shaka. Kanisa halimwoni mwamini anayekwenda uwanjani kuwa amepotea njia. Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Jubilei ya Wanamichezo katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma tarehe 29 Oktoba 2000. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wakimbiaji ili kufundisha juu ya kiasi na nidhamu. Furaha ya kushangilia timu ya taifa ni furaha halali, na kukutana na ndugu wa mataifa mengine bila chuki ni ushuhuda.

Hata hivyo, jambo jema huharibika likifanywa ovyo. Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa safari iliyopangwa vizuri katika Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti anapomtuma mwanawe Tobia kwenda Umedi kuchukua fedha aliyoiweka kwa Gabaeli, hamtoi nyumbani mikono mitupu. Anazungumza naye juu ya hati ya makubaliano. Anataka apatikane mwenzi wa njia anayeaminika, na mwenzi huyo anapoletwa, mzee anamuuliza ukoo wake na jamaa yake. Kisha wanakubaliana ujira wa kila siku na gharama za njiani, ndipo anawabariki. Hati, mwenzi, fedha, baraka: mambo hayo manne yanatosha kuwa mwongozo wetu.

Hati

Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya au Uganda, kwa kuwa sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi husikia hivyo wakadhani kitambulisho cha taifa kinatosha. Wakenya na Waganda huvuka kati yao kwa vitambulisho kwa sababu nchi zao zilifanya makubaliano hayo pamoja na Rwanda. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Mtanzania anatakiwa kuwa na pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilipangiwa ada ya shilingi 150,000, na maombi yake hudai cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Hapo ndipo wengi wa vijijini hukwama, kwani jina la cheti cha kuzaliwa, jina la shule na jina la ubatizo hayalingani. Kurekebisha majina huchukua muda. Anayetaka kusafiri aanze sasa, asisubiri ratiba ya mechi. Mzazi anayekusudia kumchukua mtoto ajue kwamba mtoto naye anahitaji hati yake; na asiye mzazi asivuke na mtoto wa mwenzake bila idhini ya maandishi ya wazazi.

Hati ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na msafiri anaweza kudaiwa cheti anapoingia huko au anaporudi nyumbani. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Basi, anayechanjwa siku moja kabla ya safari amechelewa. Na anayeshawishiwa kununua cheti bila kuchanjwa anaudanganya umma, tena anaiweka familia yake katika hatari. Hiyo ni dhambi, hata ikiitwa ujanja.

Fedha

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu ajengaye mnara ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Shabiki naye aketi ahesabu: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, tiketi ya uwanjani, na akiba ya dharura. Nauli ya kurudi itengwe mbali na fedha nyingine, wala isiguswe hata timu ikifika fainali.

Yupo atakayeuza gunia la tangawizi la Mamba Miamba au mpunga wa Ndungu ili apate nauli. Ikiwa ni ziada, ni haki yake. Ikiwa ni ada ya shule ya muhula ujao au chakula cha nyumba, amewanyang'anya watoto ili akashangilie wageni. Vivyo hivyo, mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa ulitolewa kwa jasho la wenzetu kwa ajili ya kazi au shida. Mke na mume wakae pamoja, waandike hesabu kwenye karatasi, na wote wawili wakubali. Safari ambayo mmoja amefichwa gharama yake imekwisha kuharibika kabla ya basi kuondoka.

Tuseme pia juu ya kubashiri matokeo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati nasibu yenyewe si kinyume cha haki, lakini huwa haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea. Tena inaonya kuwa huweza kumgeuza mtu mtumwa. Asiyekwenda na fedha ya kutosha, akitumaini kuipata kwa kubashiri akiwa Nairobi, hana mpango wa safari.

Mpakani, fedha ibadilishwe benki au katika duka lenye leseni. Wanaotembea na mabunda mkononi hujua kuhesabu haraka kuliko macho ya msafiri.

Njia na sheria za wenyeji

Kutoka Kifaru kwenda Nairobi kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni ya Arusha na Namanga. Ya pili ni ya Himo, Holili na Taveta hadi Voi, ambako msafiri hupata mabasi ya barabara ya Mombasa au treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake mwaka 2017. Anayekwenda Kampala huendelea kutoka Nairobi hadi mpaka wa Busia au Malaba. Holili na Namanga ni vituo vya pamoja vya mpakani: msafiri hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia katika jengo moja, upande wa nchi anayoiingia. Asipite bila pasipoti yake kugongwa muhuri wa nchi zote mbili, hata kama dereva ana haraka. Anayepitia njia za panya huwa na ugumu wa kusaidiwa siku atakapopatwa na shida.

Sheria hubadilika tunapovuka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo mwaka 2017, na adhabu yake ni kali, tubebe vikapu. Na kuna jambo ambalo sisi wa Same tunalijua kwa uchungu. Mirungi huuzwa hadharani nchini Kenya, lakini kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya, na milima yetu imetajwa mara nyingi katika operesheni za kuteketeza mashamba yake. Anayerudi na kifurushi hicho, hata kama amepewa tu kumfikishia mtu, anarudi na kosa la jinai. Tusipokee mzigo ambao hatukuufunga wenyewe.

Uwanjani

Tiketi inunuliwe kwa njia rasmi tu. Wakati wa mashindano ya CHAN, Agosti 2025, CAF ilipunguza tiketi za uwanja wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, baada ya mashabiki kuvunja utaratibu wa usalama katika mechi iliyotangulia. Watu wachache waliolazimisha milango waliwanyima wengi nafasi. Na hasara ya nafasi ni ndogo ikilinganishwa na ya Yaoundé tarehe 24 Januari 2022, ambapo watu 8 walifariki kwa msongamano katika lango la uwanja wa Olembe, Kamerun ilipocheza na Komoro. Tufike mapema, tusimame kwenye foleni, na tukiona lango linasukumwa turudi nyuma. Hakuna bao linalolingana na uhai wa mtu.

Mwenzi wa njia

Injili ya Luka inasimulia kuwa Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara. Ikiwa Familia Takatifu ilipatwa na hayo, vikundi vyetu vya VIWAWA na UWAKA navyo vijipange. Kila msafara uwe na kiongozi mmoja, orodha ya majina yenye simu za nyumbani, na desturi ya kuhesabu watu kila kituo. Nakala ya orodha ibaki kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Kila mtu abebe nakala ya pasipoti yake mbali na pasipoti yenyewe, na ajue kuwa Tanzania ina ubalozi Nairobi na Kampala.

Mabinti na vijana wetu tunawaonya kwa upendo. Mashindano makubwa huvutia pia wanaowinda watu. Atakayeahidi kazi nzuri baada ya mechi, malazi ya bure au kutunza pasipoti zenu, mmuulize kama Tobiti alivyomuuliza mgeni: wewe ni wa ukoo gani, na nani anakujua? Pasipoti haikabidhiwi mwajiri wala mwenyeji. Hukaa kwa mwenyewe.

Dominika ugenini

Wajibu wa Misa Takatifu ya Dominika hausimami kwa sababu ya mechi. Kanisa limerahisisha: Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu huo. Nairobi kuna Basilika ya Familia Takatifu katikati ya jiji. Kampala kuna Kanisa Kuu la Rubaga, na Namugongo kuna madhabahu ya Mashahidi wa Uganda, ambao Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Anayefika Kampala kwa ajili ya mpira na akatenga nusu siku kwa Namugongo, atarudi na kitu cha kuwasimulia wanawe kitakachodumu kuliko matokeo.

Kitabu cha Tobiti kinamkumbuka pia aliyebaki nyumbani. Mama yake Tobia alikuwa akitoka kila siku kuitazama njia aliyoondokea mwanawe. Hapa Kifaru pia wapo akina mama watakaoitazama barabara. Tuwapigie simu tukifika, tuwapigie tukianza kurudi. Na kabla ya kuondoka, kila msafara upite parokiani kwa baraka ya wasafiri. Mungu, aliyemtuma Malaika Rafaeli pamoja na Tobia, awatangulie wote na kuwarudisha salama.