Kagua Bomba Lako: Risasi Haina Ladha

Mmezoea tuongee mbolea na chanjo za kuku, lakini leo tuongelee maji ya kunywa hapo nyumbani.

Wafugaji mnajua, ng'ombe akilamba betri kuukuu ya gari anaweza kupofuka, akazungukazunguka na kufa. Kinachomuua ni madini ya risasi. Sasa madini hayo hayo yakiwa kwenye bomba, yanaingia kikombeni kidogo kidogo, na wanaoumia zaidi ni watoto na mama wajawazito. Mtoto haanguki siku hiyo hiyo. Ubongo wake ndio unaoharibika taratibu, na darasani mnamwita mzito. Uharibifu huo haurudi nyuma.

Jamani, hii si hadithi. Kule Marekani, mji wa Flint ulibadili chanzo cha maji mwaka 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba kulika, risasi ikaingia majumbani. Newark nao, kuanzia 2019, waling'oa mabomba kama 23,000 bila kumtoza mwenye nyumba. Karibu yetu, Toamasina huko Madagaska, risasi ilikuwa ndani ya pampu za mkono. Sehemu zile zilipobadilishwa na kuwekwa za chuma, risasi kwenye maji ikapungua.

Utalijuaje?

- Bomba la risasi ni la kijivu na laini. Likwangue kwa sarafu, litang'aa kama fedha.
- Weka sumaku. Ikinasa, hilo ni la chuma, siyo risasi.
- Una pampu ya mkono? Muulize fundi vali imetengenezwa kwa nini, na amelehemu kwa kitu gani.

Msidanganyike

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi risasi. Na usisubiri kuionja, maana haina rangi, harufu wala ladha.

Ufanye nini?

Dawa ni kubadilisha bomba lote. Ukikata nusu na kuacha nusu, mtikisiko unaweza kuongeza risasi kwa muda. Wakati unajipanga, maji yaliyolala bombani usiku yafungulie kwanza dakika chache, uyadekie sakafu, ndipo ukinge ya kunywa.

Bomba unalipia mara moja tu, ila akili ya mtoto haiuzwi dukani. Jioni hii chukua sumaku ya spika mbovu, ukakague. Tukutane wiki ijayo.