Herufi za Risasi: Kabla Hujaziuza kwa Kilo

Katika miezi ya karibuni Idara ya Maendeleo ya Jamii imepokea swali la namna moja kutoka kwa wananchi wa kata mbalimbali za mjini: katika stoo ya marehemu mzee wetu umo mtambo wa zamani wa kupigia chapa, pamoja na masanduku ya herufi za risasi, je, tuufanyeje? Wapo pia ambao hawakuuliza. Walimwita mnunuzi wa chuma chakavu, naye akaja na mizani yake. Makala haya yanakusudia kueleza vitu hivyo ni nini, vingali na kazi gani, na ni huduma zipi za Halmashauri zinazoweza kumfaa mwenye navyo kabla hajavipoteza.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Mwezi uliopita nilifuatana na Afisa Utamaduni hadi karakana moja iliyo nyuma ya soko. Mama mwenye nyumba, mjane wa mpiga chapa aliyeuhudumia mji huu kwa miaka mingi, alitufungulia mlango na kutuonyesha kabati lenye droo pana za mbao, kila droo ikiwa imegawanywa katika vyumba vidogo vidogo vya herufi. Tulipovuta droo ya juu tulikuta vyumba vyote vina kitu, isipokuwa kimoja, kile kikubwa kuliko vyote, ambacho kilikuwa kitupu kabisa. Mjukuu wake alihitaji nauli ya kurudi shuleni, akachota palipojaa zaidi, akatia katika mfuko wa saruji na kumuuzia mtu anayeyeyusha risasi kwa ajili ya nyavu za wavuvi. Alichochota kilikuwa ni herufi a zote za droo ile. Kijana hakujua, na hakuna aliyepata kumweleza. Lakini kwa tendo hilo moja droo nzima ilinyamaza, kwa kuwa ni sentensi chache sana za Kiswahili zinazoweza kuandikwa pasipo a.

Msomaji anayedhani ninatia chumvi na alitazame jina lililo kichwani mwa jarida hili. Maneno “Halmashauri ya Wilaya” yana herufi 19. Kati ya hizo, 6 ni a, na e haimo hata moja. Jambo hili lilikuwa tatizo la kila siku kwa wapiga chapa wa Afrika Mashariki. Herufi zilinunuliwa Ulaya zikiwa seti kamili, na idadi ya kila herufi ndani ya seti ilipimwa kwa mahitaji ya lugha za huko. Ipo hesabu inayotajwa sana ya masanduku ya wapiga chapa wa Kiingereza, iliyotumiwa wakati alama za simu ya Morse zilipokuwa zikibuniwa katika karne ya 19: kwa kila e 12,000, a zilikuwa 8,000, k zilikuwa 800, na z zilikuwa 200 tu. Jaribu kuandika “kazi za kata” mara kadhaa kwa seti ya namna hiyo. K na z zitakwisha kabla ya saa ya chai, nawe utabaki na rundo la q na x usilolihitaji. Ndiyo maana mzee wa karakana ile, kama walivyofanya wenzake, aliongeza a kila alipopata fedha, akaziweka katika chumba kikubwa ambacho katika mpangilio wa Kiingereza hukaliwa na e. Chumba kilichomvutia mjukuu kwa wingi wake kilikuwa kimejazwa kwa subira ya miaka mingi.

Herufi yenyewe ni nini? Ni kijiti chembamba cha metali, chenye urefu wa takribani milimita 23, ambacho juu yake imechomoza herufi moja iliyogeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Metali hiyo ni mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi huyeyuka upesi, bati huufanya mchanganyiko utiririke vizuri ndani ya kalibu, na antimoni huupa ugumu. Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, alianza kuchapa vitabu kwa herufi za kusubu namna hii katika miaka ya 1450, na kanuni ya kazi haikubadilika sana kwa miaka mia tano iliyofuata.

Mpangaji husimama mbele ya droo akiwa na kibao kidogo cha chuma katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huokota herufi moja baada ya moja. Huzisoma zikiwa zimepinduliwa juu chini, kutoka kushoto kwenda kulia, na baada ya miezi michache jicho lake halioni tena ugeni wowote. Baina ya maneno hutia vipande vifupi visivyo na herufi, na baina ya mistari hutia vibanzi vyembamba. Ukurasa ukikamilika hufungwa ndani ya fremu ya chuma kwa kabari, ukakazwa mpaka fremu nzima iweze kunyanyuliwa bila herufi moja kuanguka. Rola hupaka wino mzito, karatasi huwekwa, na mtambo hubana. Kazi ikiisha, kila herufi hufutwa na kurudishwa chumbani mwake. Atakayeirudisha b katika chumba cha d atakuwa amempandia makosa mwenzake wa kesho. Lugha yetu imeihifadhi kazi hii: bado tunasema “kupiga chapa”, na mkuu wa uchapaji serikalini angali akiitwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Katika pwani yetu kazi hii ina historia ambayo haifundishwi vya kutosha. Huko Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya Kiarabu. Katika mji huohuo, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyefika mwaka 1864, alikuwa na mtambo ambao vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kuutumia. Wakati wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilitolewa katika shule ya serikali ya Tanga, na kazi ya uchapaji ilikuwa miongoni mwa mafunzo ya shule hiyo. Kwa hiyo Kiswahili cha vitabu na magazeti kilipitia vidoleni mwa vijana wa hapa kabla ya kufika machoni pa wasomaji.

Mitambo iliyosalia katika miji yetu, mara nyingi, ni ile ya Kijerumani iitwayo Heidelberg, yenye mikono miwili inayozunguka na kuchukua karatasi kama tiara, iliyotengenezwa hadi mwaka 1985. Ilipokuja teknolojia ya ofseti, na kisha kompyuta, mitambo hii haikufa mara moja. Ilibakiziwa kazi ambazo mashine mpya hazikuzipenda: kutia namba katika vitabu vya stakabadhi, kutoboa mistari ya kuchania, kukunja na kukata makasha. Chukua stakabadhi yoyote ya zamani, pitisha kidole nyuma ya ile namba nyekundu. Ukihisi uvimbe, hilo ni pigo la mtambo. Kazi hiyo nayo ilipungua tangu mashine za kielektroniki za stakabadhi zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010. Halmashauri zenyewe haziwezi kujitoa katika jambo hili, maana nazo ziliacha vitabu vya HW5 na kushika mashine za POS. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa udhibiti wa mapato, na sitaitetea wala kuilaumu hapa. Ila ni haki kukiri kwamba iliondoa tonge kinywani mwa watu fulani, na kwamba hatukuwaambia mapema wajiandae.

Hata hivyo, wakati sisi tunaiuza mitambo hii kwa uzito wake, kwingineko imerudi kwa heshima mpya. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wasanii wa kazi za mikono Marekani na Ulaya walianza kuikusanya, kuifufua na kufundishana. Wanachapa kadi za harusi, mabango, mashairi katika vijitabu vichache vilivyoshonwa kwa uzi. Katika mji mdogo wa Two Rivers, jimbo la Wisconsin, ipo makumbusho ya herufi za mbao ya Hamilton, ambako herufi hizo zingali zikichongwa na kuchapiwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mafundi wa zamani walijivunia pigo jepesi lisiloacha alama nyuma ya karatasi, na mwanafunzi aliyezamisha herufi alikemewa. Leo wateja hulipa zaidi ili herufi izame, waione na waiguse. Kompyuta nayo imegeuka kuwa msaidizi: mchoro uliobuniwa kwenye skrini unaweza kuhamishiwa katika bamba la plastiki ngumu, nalo likafungwa kwenye mtambo uleule.

Kwa wilaya yenye wachongaji, washonaji wa vitabu na vijana wanaojua kubuni kwa kompyuta, hili si jambo la mbali. Mchongaji anayeweza kuchonga ua juu ya mlango anaweza kuchonga kibao cha picha kikapigwa chapa pamoja na maandishi, alimradi kibao kiwe na kimo kilekile cha herufi. Karatasi nene iliyotengenezwa kwa mikono, kwa nyuzi za mkonge au mgomba, hukwama katika mashine nyingi za kisasa, lakini mtambo wa kubana huipokea vizuri, hasa ikilowanishwa kidogo. Lebo za asali na viungo, kadi za harusi, vyeti vya shule na makasha ya zawadi ni kazi zenye wateja hapahapa mjini. Sisemi kwamba zitamtajirisha mtu. Ninasema kwamba mtambo mzima unaweza kulisha karakana ndogo kwa miaka, ilhali bei ya chuma chakavu hulipwa mara moja.

Lipo jambo moja lisilofaa kufichwa kwa ajili ya kusifia sanaa. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huumia zaidi. Kushika herufi nzima kwa mikono si hatari kubwa iwapo mtu atanawa kwa sabuni kabla ya kula, na hali wala kuvuta sigara ndani ya karakana. Hatari iko katika vumbi na moshi. Herufi zenye unga mweupe zisipulizwe wala kufagiliwa zikiwa kavu. Zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Kuyeyusha herufi jikoni, kama wafanyavyo watengenezaji wa risasi za nyavu, ni kuwalisha watoto wa nyumba hiyo sumu, na majirani zao pia. Mtambo nao usiwashwe na asiyefundishwa, kwa maana hautofautishi karatasi na vidole.

Mwenye mtambo au herufi anashauriwa asiuze, asisafishe wala asihamishe chochote kabla ya kuonana na Afisa Utamaduni wa Wilaya. Droo zibaki kama zilivyo. Mpangilio wake ni sehemu ya thamani yake, na droo iliyomwagwa huhitaji siku nyingi kupangwa upya. Wanaotaka kuufanyia kazi mtambo wao wafike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye atawaelekeza namna ya kuunda na kusajili kikundi. Sheria inazitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Uchapaji wa mikono ni shughuli ya uzalishaji kama ushonaji au useremala, na maombi yake hupimwa kwa vigezo vilevile. Kwa mafunzo ya ujasiriamali na ushauri wa vifungashio, vikundi huelekezwa pia SIDO. Leseni ya biashara huombwa katika Kitengo cha Biashara, na karakana itakaguliwa na Afisa Afya kwa sababu tulizozieleza hapo juu.

Ama kuhusu droo ya yule Mama, herufi kubwa zimesalia zote, A zikiwamo, kwa kuwa zilikuwa katika droo nyingine. Kwa hizo kadi ya harusi au bango laweza kupangwa hata leo. Herufi ndogo za ukubwa ule haziwezi kuchongwa kwa mti. Zinahitaji kupatikana a nyingine za umbo lilelile na kimo kilekile. Mwananchi mwenye sanduku la herufi nyumbani anaombwa alete herufi a moja tu, ikiwa imefungwa katika karatasi, ofisini kwa Afisa Utamaduni, chumba cha pili kutoka masijala, siku yoyote ya kazi, ili ilinganishwe.