Springi Mshika Mbili

Msimu wa mvua, gari dogo likiponyoka lami katika vijia vya mtaa wa Mountain View, Nairobi, na kutumbukia mtaroni, halikai sana kabla ya pikapu ya jirani kuitwa na kamba kufungwa. Udongo wa upande huo wa magharibi ya jiji ni mwekundu, wa asili ya volkano, na ukilowa huteleza kama sabuni. Pikapu hujikaza, kamba hunyooka, kisha sehemu yote ya nyuma huanza kurukaruka: du-du-du-du! Watazamaji hupaza sauti, "Kanyaga mafuta!" Hapana ushauri mbaya kuliko huo.

Wengi hudhani kurukaruka huko kunatokana na tairi kuukuu au injini yenye nguvu kupita kiasi. Chanzo hasa kiko chini ya gari, kwenye zile springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo zimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba mzigo. Ya pili, ambayo wachache huifikiria, ni kuizuia ekseli isijizungushe.

Piga hesabu. Chukua injini yenye nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 300. Gia ya kwanza ikiizidisha mara 4, na difu ikaizidisha tena mara 4, magurudumu hupata nyutonimita 4,800, tukiacha kando kinachopotea njiani. Magurudumu yakisukumwa kwenda mbele, ganda la ekseli husukumwa kinyume kwa nguvu iyo hiyo. Ni kama watu sita wenye kilo 80 kila mmoja wamening'inia kwenye ncha ya nondo ya mita 1 iliyofungwa kwenye ekseli. Pua ya difu huinuka, na springi hupindika hadi ikafanana na herufi S.

Springi iliyopindika ni upinde uliovutwa: imeweka akiba ya nishati. Tairi linaposhindwa kuushika udongo, huteleza ghafla, na kwa kuwa msuguano wa vitu vinavyoteleza ni mdogo kuliko wa vitu vilivyoshikana, springi hupata nafasi ya kujifyatua. Ekseli hurudi kwa kishindo, tairi huuma tena, springi hupindika upya. Mzunguko huo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde.

Anayejua orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, ameshausikia mwenendo huu katika sura yake tamu. Upinde hushika uzi, uzi huvutika, huponyoka, hushikwa tena, na sauti ikatoka. Tofauti ni kwamba orutu hutoa muziki, na pikapu huvunja shafti ya propela.

Mshika mbili moja humponyoka. Basi dawa ni kuipunguzia springi kazi. Wahandisi walilijua hilo zamani. Mwaka 1972 dereva Hannu Mikkola aliposhinda mbio za magari za Safari Rally, alikuwa na Ford Escort RS1600, gari lenye springi za bapa nyuma. Lakini gari hilo lilikuwa pia na vyuma vilivyounganisha ekseli na bodi, vikiizuia ekseli isijizungushe. Springi ilibeba uzito, vyuma vikazuia mzunguko.

Marekani, ambako kuvuta mizigo kwa malori na matrekta ni mchezo wenye chama cha kitaifa tangu 1969, washindani wengi wamekwenda mbali zaidi: huzuia kabisa springi za nyuma zisicheze. Hapo kinachobaki cha kudunda ni tairi lenyewe, ndiyo maana hupima upepo wake kwa makini. Gari la kubebea watoto shuleni halifai kufanyiwa hivyo. Lingemtikisa kila aliyemo.

Mafundi wetu wamezoea kuongeza vyuma bapa kwenye springi. Huko ni kuimarisha kazi ya kwanza na kubahatisha ya pili. Springi ngumu mno kwenye pikapu isiyo na mzigo hulifanya tairi liiache ardhi kwa urahisi zaidi. Afadhali kuanza na vitu vidogo: bushi zilizolika, yubolti zilizolegea, shokabzoba zilizovuja mafuta. Kisha, kama kazi ya gari ni kuvuta kila siku, fundi anaweza kuunganisha ekseli na chesisi kwa mkono wa chuma wenye viungo vinavyoiruhusu springi kupanda na kushuka.

Ukiinama chini ya pikapu, huenda ukaona shokabzoba moja imeelekea mbele na nyingine nyuma. Si kosa la kiwandani. Zimewekwa hivyo ili kupunguza huko kujizungusha kwa ekseli.

Siku ya kuvuta, tumia gia nzito, achia klachi polepole, waweke watu mbali na kamba. Gari likianza kurukaruka, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, kwa sababu kila mruko ni nyundo inayopiga difu. Aliye mtaroni anaweza kusubiri dakika tano zaidi. Propela ikikatika, magari yatakayohitaji kuvutwa yatakuwa mawili.