Amosi na Gunia la Lumbesa

Novemba ikiingia Dodoma, macho ya watu huwa mawinguni. Kuanzia Chimwaga hadi Kongwa na Mpwapwa mashamba yamekwisha kusafishwa, na makanisani maombi ya mvua yameanza. Huku kwetu msimu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua haifiki milimita 600. Ikikatika katikati, njaa inabisha hodi.

Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu wa karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwaambia Waisraeli kwamba Mungu aliwazuilia mvua miezi mitatu kabla ya mavuno: mji huu ukapata, ule ukakauka. Mkulima wa huku kwetu Ugogo anaifahamu mvua hiyo. Jirani ananyeshewa, wewe unaambulia radi.

Je, Waisraeli hao walikuwa hawasali? Walisali sana. Huko Betheli sadaka zilitolewa na vinanda vikapigwa. Lakini wachuuzi waliingoja sabato ipite, wakauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya hila. Mungu akazichukia sikukuu zao.

Sasa tazama lumbesa wakati wa mavuno. Gunia linajazwa, linatikiswa, linashindiliwa, kisha mdomo unaongezewa kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba hadi linaota kichwa. Sheria inataka lisizidi kilo 100, nalo limepita, ila bei ni ya gunia moja. Mama aliyelima kwa jembe la mkono anaona debe lake zima linaondoka bure.

Wala njaa haitoki mawinguni peke yake. Wagogo waliiita Mtunya ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini majeshi ya Wajerumani na Waingereza, yaliyokuwa yakipigana, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Anayesema waliokufa kwa njaa ile waliadhibiwa kwa dhambi zao hajamwelewa Amosi. Kidole cha nabii kinamwelekea aliyeshiba kwa kumpunja maskini.

Tena adhabu anayoitangaza ina uchungu wa mzazi: baada ya kila pigo, Mungu analalamika kwamba watoto bado hawajamrudia. Anapiga huku mlango ameuacha wazi.

Basi Jumapili hii tuombe mvua, tena kwa machozi. Ila aliyenunua lumbesa atangulie kijijini, amrudishie mama yule debe lake. Akitoka hapo, ndipo aje tuombe pamoja.