Kuonja Ulanzi

Somo letu la leo ni kuonja ulanzi, pombe ya Iringa.

Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, kisha hulichonga upya asubuhi na jioni. Maji yake hudondoka ndani ya mbeta, yaani kopo la mwanzi. Hamira ya asili huanza kazi mara moja: hula sukari na kutoa kileo.

Basi onja kabla ya kunywa. Kwanza, tazama povu. Pili, nusa. Tatu, weka funda dogo mdomoni. Ukiwa mtamu, huo ni mtogwa. Ukiwa mchachu na mkali, ni mkangafu. Lakini angalieni: mtogwa wa asubuhi huweza kuwa mkali jioni. Usimpe mtoto kwa sababu ni mtamu.

Je, chakula? Uchachu hukata mafuta, kama ndimu juu ya samaki. Ndiyo maana Waitalia hunywa mvinyo mweupe kwa samaki. Nasi tuweke mkangafu kwa nyama ya kuchoma, mtogwa kwa karanga. Wala usinywe na njaa. Chakula huchelewesha kileo kuingia damuni.