UZI: Kichwa ni changu, kwa nini serikali inivalishe helmeti?

1/ Wadau, leo tuingie kwa ule mjadala usioisha kwenye steji, kwenye matatu na kwenye redio za asubuhi: serikali ina haki gani kunilazimisha nivae helmeti ama nifunge mshipi? Si kichwa ni changu? Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji jina la mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja, watu tunawaacha. Mimina chai, twende.

2/ Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilirekebishwa 2012. Tangu hapo anayepanda pikipiki anatakiwa kuvaa helmeti na reflekta, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Sasa simama hapa Kapseret kando ya barabara ya Eldoret–Kapsabet saa kumi na mbili jioni. Helmeti ya dereva inaning'inia kwenye usukani, ya abiria haipo kabisa, na nyuma wamekaa wawili ama watatu. Sheria iko, watu wako, lakini hawajakutana.

3/ Hoja ya uhuru tuipe nguvu zake zote, kwa sababu wengi wanaoipinga hupinga toleo lake dhaifu. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill aliandika kitabu On Liberty. Anachosema kwa kifupi: sababu ya kumlazimisha mtu mzima ni moja tu, kumzuia asidhuru wengine. Faida yake mwenyewe haitoshi. Mshauri, msihi, hata mgombeze, lakini usimlazimishe. Na kweli, tunaruhusu watu wapigane ndondi, wavute sigara, wapande milima. Kwa nini helmeti iwe tofauti?

4/ Hapo ndipo huwa nagawa sheria za barabara mafungu mawili. Fungu la kwanza linawalinda wengine dhidi yako: mwendo, pombe, breki, taa, bima ya lazima ya mtu wa tatu. Hata Mill hangebishana na hizo. Fungu la pili linakulinda wewe dhidi yako mwenyewe: helmeti na mshipi. Mjadala wa kweli uko hapa tu. Ukisikia mtu jukwaani anatetea "uhuru wa wanaboda" huku anachanganya helmeti na kuendesha ukiwa mlevi, jua anakuuzia vitu viwili kwa bei ya kimoja.

5/ Lakini hata ukuta kati ya mafungu hayo unavuja. Abiria wa kiti cha nyuma asiyefunga mshipi, gari likigonga, anarushwa mbele na uzito wake wote. Anaweza kumuua aliyefunga. Kwa hiyo "nisipofunga naumia mimi tu" si kweli kila mara. Helmeti iko tofauti kidogo: kichwa chako hakimgongi mwingine. Hapo lazima tuulize swali lingine: nani analipa?

6/ Mtu akianguka huku kwetu na kuumia kichwa, safari huwa ni ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ambayo inahudumia sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Kitanda anachokalia majeruhi kwa wiki sita kina mgonjwa mwingine anayekisubiri. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara wa walioajiriwa. Kwa hiyo kwenye kila ajali kuna pesa ya mtu ambaye hakuwa hata barabarani.

7/ Na kabla ya bima, kuna ile bima yetu ya kweli: grupu ya WhatsApp. "Wapendwa, ndugu yetu amepata ajali, tunaomba mchango, paybill ni hii." Mjomba anauza ng'ombe. Dada anaahirisha kulipa karo. Mama anaacha biashara akae kando ya kitanda. Mill alimfikiria mtu mmoja na uamuzi wake. Hapa kwetu uamuzi wa mmoja unatua kwenye simu za watu hamsini. Hii kwangu ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa sheria.

8/ Lakini ngoja, usishangilie mapema. Upande wa uhuru una jibu, na ni jibu kali: kama gharama ndiyo sababu, basi serikali ipige marufuku chipsi, soda na sigara, maana kisukari na saratani vinamaliza michango yetu kuliko boda. Ukikubali hoja ya gharama bila breki, hakuna kitu cha maisha yako ambacho serikali haiwezi kugusa.

9/ Breki ziko kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 24. Haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria tu, na mipaka yenyewe iwe ya busara na iweze kutetewa katika jamii ya kidemokrasia inayoheshimu utu, usawa na uhuru. Inabidi kupima lengo la sheria, inakubana kiasi gani, na kama kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Weka helmeti kwenye mizani hiyo: inakuchukua sekunde kumi na hukatazwi kwenda popote. Kumkataza mtu chakula anachokula kila siku ni mzigo mwingine kabisa. Kwa hiyo ukikubali helmeti, bado hujakubali kila kitu.

10/ Faida yake je? Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuchapishwa 2008 ulikuta helmeti inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Kuna mpinzani maarufu, mwanauchumi Sam Peltzman, aliyedai 1975 kwamba mtu akijihisi salama garini huongeza ujeuri, na hatari inahamia kwa wanaotembea kwa miguu. Hoja yake inafaa kukumbukwa, kwa sababu Kenya wanaokufa zaidi barabarani ni watembea kwa miguu, na helmeti haiwasaidii hao.

11/ Wenzetu walifanyaje? Vietnam ililazimisha helmeti kwa kila anayepanda pikipiki Desemba 2007, na ndani ya muda mfupi karibu kila mtu mjini alikuwa amevaa. Uingereza ililazimisha 1973, halafu 1976 ikawaondolea Masingasinga wanaovaa kilemba, kwa sababu ya dini. Jimbo la Florida, Marekani, lililegeza mwaka 2000: mwenye miaka 21 na zaidi anaweza kuendesha bila helmeti akiwa na bima ya matibabu ya angalau dola 10,000. Yaani kichwa ni chako, na bili pia iwe yako. Vifo vya waendesha pikipiki viliongezeka baadaye.

12/ Sasa tukubali kwa muda kwamba ni chaguo la mtu. Je, ni chaguo kweli? Kaka yangu ni mwanaboda. Pikipiki si yake, kila jioni ana pesa ya kumpelekea mwenyewe. Anayo helmeti ya abiria. Abiria anaiangalia, anasema inanuka jasho, ama nywele zimetengenezwa jana. Kaka akisisitiza, abiria anahamia boda inayofuata. Kwa hivyo anaificha. Hapo hakuchagua hatari, alichagua kutopoteza shilingi hamsini.

13/ Hili wanasiasa hawalisemi, na ndilo linalonivutia zaidi kama mwanafunzi wa siasa. Sheria inayombana kila mtu inaweza kumpa mmoja uhuru. Kama boda zote za steji zinadai abiria avae, abiria hana pa kuhamia, na kaka hapotezi mteja kwa kuwa mwangalifu. Peke yake hawezi kununua usalama huo hata akitaka.

14/ Lakini hiyo inafanya kazi tu kama sheria inatekelezwa kwa wote. Kumbuka Februari 2004: mshipi kila kiti cha matatu, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare, mstari wa njano. Wenye matatu waligoma na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Nidhamu ikaja, halafu ikayeyuka. Novemba 2018 serikali ikazifufua kanuni zile zile, na watu wakatembea tena. Sheria inayohitaji kufufuliwa ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeizika rasmi.

15/ Sheria iliyolala inamwamkia mnyonge tu. Ikiwa helmeti inaulizwa pale tu afisa anapotaka kitu kidogo, basi mwanaboda hajifunzi kuvaa helmeti, anajifunza kubeba noti ya mia. Nikiulizwa hoja bora dhidi ya sheria hizi, siwezi kumtaja Mill. Nitataja hiyo noti. Na jibu lake ni kurekebisha utekelezaji, maana lami haijui kama ulihonga.

16/ Watoto tuwaweke kando kabisa. Mtoto wa darasa la pili aliyebanwa kati ya wenzake wawili kwenye boda ya shule hajachagua chochote. Hata Mill alisema kanuni yake ni ya watu wazima. Anayetetea "uhuru wa kuchagua" aanze kwa kutuambia mtoto huyo alichagua lini.

17/ Msimamo wangu, unaweza kuukataa: helmeti na mshipi viwe lazima, ila serikali isianze na faini. Ianze na bei na ubora wa helmeti, na iongee na viongozi wa steji kabla ya kuleta msako. Ushirikishwaji wa umma uko kwenye Katiba, haukuwekwa kama pambo.

18/ Kampeni za 2027 zikifika hapa Kapseret, mtu akishika maikrofoni na kusema "niko na wanaboda", muulize haya matatu. Moja: unataka kufuta sheria ipi hasa, ya fungu la kwanza ama la pili? Mbili: ukiifuta, bili ya hospitali italipwa na nani? Tatu: ukiiacha, utafanya nini ili isiwe mradi wa barabarani? Akijibu yote matatu, msikilize. Akikupa reflekta yenye picha yake, ipokee uivae, halafu urudie maswali.