Makaburi ya nguzo

Makaburi ya nguzo ni makaburi ya kale ya Waislamu yanayopatikana katika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia kupitia Kenya hadi Tanzania. Yanaitwa hivyo kwa sababu kwenye ukuta unaozunguka kaburi husimama nguzo ya mawe. Mengi yalijengwa kati ya karne ya 14 na karne ya 18 katika miji ya Waswahili. Kwa kuwa mingi ya miji hiyo haikuacha kumbukumbu nyingi za maandishi, makaburi haya ni chanzo muhimu cha historia yake.

Muundo

Makaburi yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kisha yakapigwa lipu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kuta zake mara nyingi zimegawanywa katika vyumba vya mraba vilivyochongwa kama mapambo. Nguzo inaweza kuwa ya duara, ya pande nne, sita au nane.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu maana ya nguzo. Lililo wazi ni kwamba ujenzi wa namna hii ulihitaji mali na mafundi, kwa hiyo huaminika kwamba waliozikwa humo walikuwa watu wenye cheo, utajiri au elimu ya dini. Watu wa kawaida walizikwa katika makaburi ya udongo ambayo mengi hayaonekani tena.

Katika maziko ya Kiislamu maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kwa mtu aliyeko pwani ya Kenya au Tanzania, Makka iko upande wa kaskazini. Kwa hiyo makaburi ya huku hulala takriban kati ya mashariki na magharibi.

Kutambua umri wa kaburi

Njia ya kwanza ni maandishi. Makaburi machache yana maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijra. Mfano maarufu uko katika magofu ya Gedi, Kenya, ambako kaburi moja lina mwaka 802. Haitoshi kuongeza 622 juu ya namba hiyo, kwa sababu mwaka wa Hijra hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku 11 hivi. Kwa makadirio, mwaka wa Hijra huzidishwa kwa 0.97, kisha huongezwa 622. Hivyo 802 ni sawa na 1399 au 1400 BK. Tarehe hii imewasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa majengo mengine ya Gedi.

Njia ya pili ni vyombo. Wajenzi walipachika bakuli na sahani za kauri, nyingi kutoka China, katika nguzo na kuta. Mtindo wa chombo huonyesha kilitengenezwa wakati gani. Kama chombo kiliwekwa wakati wa ujenzi, kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko chombo hicho. Lakini linaweza kuwa la baadaye sana, maana bakuli nzuri iliweza kutunzwa nyumbani kwa vizazi kadhaa kabla ya kupachikwa.

Maeneo

* Kenya: Gedi, Malindi, Mambrui, Mnarani karibu na Kilifi (jina lenye maana ya "mahali penye mnara"), na Takwa katika kisiwa cha Manda.
* Tanzania: Tongoni karibu na Tanga, Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi katika Dar es Salaam.

Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo au mabaki ya nguzo. Kunduchi inajulikana kwa makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa sahani za kauri. Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Uharibifu na hifadhi

Matumbawe na chokaa huliwa na mvua na upepo wa chumvi, na mizizi ya miti hupasua kuta. Huko Tongoni bahari inamega ufuo na nguzo nyingi zimeanguka. Watu pia wamechangia: katika makaburi mengi bakuli zimeng'olewa, yakabaki mashimo ya duara tu. Bakuli iliyoondolewa bila kuandikwa ilitoka kaburi gani haiwezi tena kusaidia kujua umri wa kaburi hilo, hata ikipatikana baadaye.

Nchini Tanzania mabaki haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nchini Kenya na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006.

Baadhi ya makaburi bado ni mahali pa ibada. Watu wa Shela, Lamu, huvuka kwenda Takwa kuomba mvua, na kwingine watu hufukiza ubani na kuacha sadaka. Kwa hiyo mgeni hutakiwa kumwona mlinzi au wenyeji kwanza, na kutopanda juu ya kuta. Maandishi yaliyofifia hayafai kusuguliwa wala kupakwa chaki. Husomeka vizuri zaidi asubuhi au jioni, mwanga wa jua unapoyapiga kwa upande, na picha iliyopigwa wakati huo hubaki kumbukumbu hata jiwe lenyewe likimomonyoka.